Muziki utaupata tena, sauti ya Bibi hapana

Ukiingia duka la vifaa vya umeme ukasema unataka MP3 ndogo ya kusikilizia muziki, tena iwe inarekodi sauti, muuzaji atakujibu kabla hujamaliza: "Zote zinarekodi, dada'angu." Usibishane naye. Mwombe awashe mojawapo na aanze kurekodi papo hapo, nawe tazama saa. Akizunguka kwenye menyu, akafungua redio bila kukusudia, akarudi nyuma, akaishia kusema "hii mpya, bado sijaizoea," jibu umeshalipata. Kifaa kinachomsumbua anayekiuza kitakusumbua zaidi wewe, utakapokuwa barazani kwa mtu wa miaka 80 na ushee ambaye ameanza kuimba bila kukungoja.

Safari hii aliyeniuliza ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Ameanza kwenda Pangani kumtembelea Bibi kwa nia ya kuandika nyimbo na mashairi anayoyajua. Bibi amekulia zama za mkonge. Ana nyimbo za harusi, ana mafumbo ya kurushiana maneno, ana visa vya watu wa mashambani ambavyo sisi tulivisikia nusunusu tukiwa tumelala. Binamu anataka kitu kimoja cha mfukoni: ndani ya basi asikilize taarabu na dansi la zamani, akifika akiweke mkekani kimrekodi Bibi. Mfuko wake ni wa mwalimu wa shule ya msingi. Nilimjibu vipande vipande kwa simu, na kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza, nimeona niandike yote.

Tuanze na simu, maana kila mtu huanzia hapo. Simu janja ya bei ya kati hurekodi vizuri kuliko MP3 nyingi za bei rahisi, na anayekuambia vinginevyo ana mzigo wa kuuza. Kama haja yako ni kujikumbusha jambo, au kutuma sauti ya nusu dakika kwa WhatsApp, simu uliyonayo inatosha; usinunue kitu. Kiswaswadu nacho kinarekodi, ila kwa kawaida huhifadhi sauti kwa mfumo wa AMR, uliotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Orodha ya mahitaji ya sokoni utaielewa. Wimbo utasikika umekatwa juu na chini.

Shida ya simu ni kwamba ina mabwana wengi. Ya binamu ndiyo benki yake, ndiyo tochi yake, ndiyo kundi la wazazi wa darasa la nne. Katikati ya beti inaita, na simu nyingi zikiitwa husimamisha rekodi zenyewe bila kukuuliza. Hifadhi imejaa video za vichekesho ambazo hakuziomba. Halafu kuna Bibi mwenyewe. Akiona simu imeelekezwa kwake hutengeneza mtandio, hukaa wima, huanza kuzungumza kama anayejibu maswali ya mkuu wa wilaya. Kidude kisicho na kioo kikubwa, kilicholala kwenye kanga iliyokunjwa, husahaulika mapema sana.

Kwa hiyo neno nililompa binamu ni moja, na mengine yote yametoka humo: nunua kinasa sauti kinachocheza muziki, usinunue kichezea muziki kilichoongezewa kurekodi ili boksi lipendeze. Kucheza MP3 siku hizi si kazi. Hata hataza za MP3 zilishakwisha muda wake kufikia mwaka 2017. Kila kiredio cha memori kadi kinachoning'inia kwenye usukani wa baiskeli kinacheza, tena kwa sauti ya kutosha kijiji kizima. Kwenye daladala, tofauti kati ya kichezea muziki cha bei mbaya na cha bei poa huzikwa na injini. Mtengenezaji anapobana matumizi habani hapo. Anabana kwenye maiki na kwenye kikuza sauti chake, sehemu ambazo hutaziona dukani. Wimbo ukifutika, rafiki atakurushia mwingine jioni hiyohiyo. Asubuhi moja ya Bibi haina nakala kwa rafiki.

Ajabu ni kwamba vitu hivi viwili viliwahi kuwa kitu kimoja. Mwishoni mwa miaka ya sabini Sony walitoa kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari, TCM-100, wakakiita Pressman. Mafundi wao wakakichukua, wakatoa sehemu ya kurekodi, wakatoa spika, wakaweka sauti ya stereo na tundu za hedfoni. Matokeo yake ni Walkman ya kwanza, TPS-L2, iliyoingia madukani Japani tarehe 1 Julai 1979. Ndani ya kampuni wapo waliotilia shaka: nani atanunua mashine ya kaseti isiyorekodi? Dunia nzima ilinunua. Tangu hapo muziki wa mfukoni na kinasa sauti vikaishi nyumba mbili. Vilikutana mara chache: Walkman Professional WM-D6C ya mwaka 1984 ilirekodi vizuri mno, na watangazaji wa redio waliipenda, ila bei yake haikuwa ya mwalimu. iPod ya Oktoba 2001 ilikuja bila maiki. Kilichokaribia zaidi haja ya binamu ni Sansa Clip ya SanDisk ya mwaka 2007, na ndugu yake Clip+ ya 2009 yenye nafasi ya memori kadi: kidude cha kubana kwenye ukosi wa shati, chenye redio ya FM na maiki ndani. Haitengenezwi tena. Ukiiona mtandaoni imetumika, kumbuka kuwa betri yake nayo imezeeka, na haikutengenezwa ili itolewe kirahisi.

Huku kwetu hatukuutambua sana utengano huo, kwa sababu tulikuwa na redio kaseti. Ilicheza, ilirekodi, ilishika Tanga na Unguja na Mombasa, na ukitaka kurekodi ulibonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Ami yangu aliyekuwa Maskati hakuwa mtu wa barua. Alituma kaseti, zikaja mikononi mwa wasafiri pamoja na sabuni na udi. Ilikuwa C60, dakika 30 kila upande: upande mmoja salamu, upande wa pili nyimbo. Kaseti ya nyimbo za dukani huwa imevunjwa vile vilimi viwili vya plastiki juu yake ili isifutwe. Bibi alijua kuziba matundu yake kwa karatasi iliyotafunwa, akabandika selotepu, akarekodi majibu. Hakukuwa na hela ya kununua kaseti mpya kila safari, kwa hiyo jibu lilikaa juu ya salamu, na salamu nyingine ikaja juu ya jibu. Miaka yote ile ya mazungumzo kati ya Pangani na Maskati, hakuna hata dakika moja iliyobaki. Nimemweleza binamu hivyo ili ajue kwamba anachokifanya si mchezo wa kidijitali, na pia ili aache kuniuliza rangi zilizopo.

Sasa tuje kwenye boksi. Namba kubwa utakayoiona ni saa za kurekodi, na ndiyo namba inayodanganya kuliko zote ingawa mara nyingi ni ya kweli. "GB 8, saa 500." Gawanya mwenyewe: GB 8 ni takriban MB 8,000, kwa saa 500, kila saa imepewa MB 16. Rekodi ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 58 kwa saa, ya kilobiti 192 hula MB 86. WAV isiyobanwa, ya ubora wa sidii, hula MB 635 kwa saa. Huyu mwenye MB 16 amezipata wapi saa zote hizo? Amezipata kwa kuchukua sampuli chache za sauti, yaani kuipima sauti mara chache, kwa kawaida mara 8,000 kwa sekunde. Kanuni haina msamaha: sampuli 8,000 kwa sekunde haziwezi kubeba sauti yoyote inayozidi hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde. Sauti nene zitapita. Zile za kupuliza, s na f na th, nguvu yake kubwa iko juu ya hapo, nazo zinaachwa nje. Unabaki na mtu anayezungumza akiwa amefunika mdomo kwa kanga.

Ndiyo maana nikiwa dukani sisemi "haloo, haloo, moja mbili tatu." Haloo husikika vizuri kwenye kila takataka. Nasema: samani, thamani, fahari, sahani, shahada, dhahabu, zabibu. Kisha nachomeka hedfoni zangu mwenyewe, nasikiliza. Samani na thamani zikiwa zimegeuka neno moja, nakirudisha. Msikilizaji anaweza kubahatisha neno kutokana na sentensi, lakini mashairi ya mafumbo hayabahatishiki. Mshairi amekusudia kukupoteza, huhitaji mashine imsaidie. Jaribu pia kurekodi ukiwa umekaa kimya tu kwa muda, halafu ongeza sauti usikilize huo ukimya. Ukisikia mvumo mzito wa "shhhh" mfululizo, huo ni wa mashine yenyewe, na utakuwa nao kwenye kila rekodi.

Jaribio la tatu wauzaji hawalipendi, kwa sababu linachukua muda: zungumza, nyamaza, zungumza tena. Vidude vingi vinajipandishia sauti vyenyewe. Anayezungumza akinyamaza, mashine inadhani sauti imekuwa ndogo, inaongeza. Feni inapanda, kuku wa jirani wanapanda, bodaboda ya barabarani inaingia sebuleni. Anapoendelea, silabi ya kwanza inapasuka, kisha mashine inajishusha. Kwa mkutano wa kikao si kitu. Kwa Bibi, ambaye hunyamaza kwa makusudi kabla ya mstari wa mwisho, ni balaa. Kinasa sauti chenye adabu kitakupa uwezo wa kupunguza usikivu wa maiki, na kitakuwa na kichujio cha sauti nzito, kile kinachokata mvumo wa upepo na jenereta. Tafuta maneno hayo kwenye menyu kabla ya kutoa hela.

Kuna stika nyingine ya dhahabu, ya Hi-Res, biti 24 na kilohezi 192, utakayoikuta kwenye vichezea muziki vya bei kubwa. Sina ugomvi na wanaozipenda. Ila tazama anachobeba binamu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alisafirishwa hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, na upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba kama dakika tatu. Kilichotufikia ni nakala ya nakala ya santuri iliyokwaruzwa. Dansi la miaka ya sabini analolipenda limetoka kwenye tepu za redio, tena za mono, likapita kwenye kaseti ya mtu, likapita kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kukisikiliza kitu hicho kwa kilohezi 192 ni kulipia nafasi ya mikwaruzo. Fedha hiyo iende kwenye maiki.

Upande wa kucheza, vipo vitu viwili tu ninavyovidai. Cha kwanza ni kurudia kipande: unabonyeza mwanzo, unabonyeza mwisho, kipande kinajirudia mpaka uchoke. Wanaohifadhi Kurani wanakijua kitufe hicho, na vinasa sauti vingi vinacho. Cha pili ni kupunguza mwendo bila kunenesha sauti. Vinasa sauti vya Sony vinaweza kwenda nusu ya mwendo au mara mbili yake. Atakayeandika maneno ya Bibi neno kwa neno ataviombea dua vitufe hivyo viwili. Mengine nayasamehe. Kioo kidogo, hakuna picha za albamu, hakuna Bluetooth, nyimbo unazipanga mwenyewe kwa folda kwa kuwa kidude hakijui msanii ni nani. Aliyezoea kutafuta wimbo kwa jina atakasirika wiki ya kwanza.

Kurekodi kuanze kwa kitufe kimoja, cha kuonekana kwa kidole hata gizani, na taa nyekundu iwake. Nasisitiza hapa kwa sababu ya tabia moja ya wazee ambayo kila aliyewahi kuwarekodi anaijua: maneno yenye uzito huanza pale unapofunga. Taa inazimika, Bibi anapumua, anaegemea ukuta, anasema, "Sasa yule bwana harusi mwenyewe..." Kama kidude chako kinachukua nusu dakika kuwaka tena, umemkosa bwana harusi. (Wapo pia wanaongoja taa izime kwa sababu hawataki hayo yarekodiwe. Nyimbo za unyago hasa si za kila sikio. Muulize kabla, na akisema funga, funga kweli.)

Betri. Ukiuliza vijana watakuambia chaji ya ndani ndiyo ya kisasa. Sony ICD-UX570 ina betri ya ndani, na kwa dakika 3 za chaji inakupa kama saa moja ya kurekodi. Ni kitu kizuri, chembamba, cha kuweka mfuko wa shati. Lakini betri ya ndani ikichoka, kifaa kizima kinakwenda nayo. Mimi nachagua betri ndogo za AAA. Umeme ukikatika Pangani usiku kucha, duka la jirani bado linauza betri. Ila ununue za alkali, zilizoandikwa LR03 ubavuni. Zile za kaboni za bei ya pipi, ambazo tunazianika juani zipate uhai, zitakuacha njiani, na kukata umeme ghafla ndiyo njia rahisi ya kuharibu faili: vidude vingi hukamilisha kuandika rekodi pale unapobonyeza kusimamisha. Usizoee kuchomoa betri au kuzima kwa nguvu taa ikiwa bado nyekundu. Na betri zikitoka muda mrefu, saa ya ndani hujisahau, rekodi zote zinapewa tarehe ya miaka ya nyuma ambayo hata kidude hakikuwepo. Dawa yake haihitaji teknolojia: kila unapoanza, taja kwa sauti tarehe, mahali, na aliyeketi mbele yako.

Nimewahi kuona watu wakichagua kifaa kwa makini yote haya wakasahau swali moja: sauti itatokaje humo? Wenye MiniDisc, zile diski ndogo za Sony za kurekodia sauti, walilijua jibu kwa uchungu. MiniDisc ilianza mwaka 1992, ilirekodi vizuri ajabu, na wanahabari waliibeba kila mahali. Baadaye zikaja za kuunganishwa na kompyuta. Nyimbo ziliingia kwa waya, lakini rekodi uliyoifanya mwenyewe kwa maiki yako haikuruhusiwa kutoka kwa waya huohuo. Saa mbili za mahojiano ulizitoa kwa kuzicheza saa mbili, ukizirekodi upya upande wa pili. Ilipofika mashine ya Sony iitwayo MZ-RH1 mwaka 2006 ndipo diski zile za zamani zikaweza kutolewa moja kwa moja, na wakati huo wengi walishahama.

Basi dai kifaa kinachojionyesha kwenye kompyuta kama fleshi, bila programu yoyote ya kusakinisha. Na kwa kuwa binamu hana kompyuta, twende mbele zaidi: nenda dukani na waya wa OTG, ule wa kuchomekea fleshi kwenye simu, kiunganishe kifaa na simu yako pale pale kaunta, uone kama folda inafunguka na rekodi ya "samani, thamani" inacheza. Hapo ndipo mambo ya memori kadi hujitokeza. Kadi za hadi GB 32 kwa kawaida hutumia mpangilio wa FAT32, unaosomwa na karibu kila kitu. Kubwa kuliko hizo huja na exFAT, na simu za zamani pamoja na vidude vingi vya bei poa huzikataa. GB 32 zinatosha: kwa kilobiti 192 ni zaidi ya saa 360. Sijui Bibi yupi ana maneno zaidi ya hayo, labda wangu.

Kadi bandia ni kilio cha kila soko, Kariakoo ya Dar es Salaam hadi Luthuli Avenue ya Nairobi. Kadi ya GB 8 imebadilishwa ujanja ndani yake ijitambulishe kuwa GB 128. Inapokea faili zote, inaonyesha majina yote, inaonyesha ukubwa wote. Ukifungua, vilivyozidi uwezo wake wa kweli ni utupu. Mwenye kompyuta ya Windows atumie H2testw, mwenye Linux atumie F3. Programu hizi huijaza kadi mpaka mwisho kisha huisoma tena kuona kama vilivyoingia ndivyo vinavyotoka. Asiye na kompyuta aombe msaada kwenye duka la stesheneri, au aijaze nyimbo mpaka mwisho achezeshe zile za mwisho. Fanya hivyo kabla ya safari ya kwanza, si baada yake.

Majina sasa, maana najua ndiyo mliyoyangoja. Kwa mfuko wa binamu nilimwelekeza kwenye Sony ICD-PX470: ina GB 4 ndani, nafasi ya memori kadi, betri mbili za AAA, na plagi ya USB inayochomoza ubavuni kwa kusukuma, kwa hiyo hakuna waya wa kupotea. Inarekodi MP3 au WAV, inacheza MP3, bei yake iko jirani na simu janja ya chini. Haipendezi kuitazama. Umbo lake ni la rimoti. Kwa anayerekodi ngoma, kwaya au qasida zenye matari, ambako sauti inatoka chini na kulipuka ghafla, Zoom H1n inafaa zaidi. Maiki zake mbili zimepishana kwa mbele, na zinakupa picha ya nani alikuwa kulia na nani kushoto. Mdogo wake wa mwaka 2024, H1essential, hurekodi kwa biti 32 za mfumo unaobeba sauti ndogo na kubwa bila wewe kugusa kipimo, kwa gharama ya faili nzito: kilohezi 48 za stereo ni karibu GB 1.4 kwa saa. Lakini hizi Zoom sizipendi mkononi mwa mtu anayetaka pia muziki wa safarini. Ukizishika vibaya kila mkwaruzo wa kidole unaingia, na mfukoni zimetuna.

Vidude visivyo na jina, vile vya umbo la iPod ndogo vinavyopangwa kwenye meza za vioo, sivikatazi kwa muziki. Mtoto akitaka cha kusikilizia, mnunulie.

Maiki ya nje ni nyongeza nzuri ila ina mtego. Zile maiki ndogo za kubana kifuani zinazouzwa kwa watengeneza video zina plagi yenye pete tatu nyeusi, ya simu. Kinasa sauti kinataka yenye pete mbili. Ukichomeka ya simu unaweza usipate sauti kabisa, au ukapata mvumo. Kuna kiunganishi cha kubadilisha, au tafuta maiki iliyoandikwa kuwa ni ya kamera.

Hata hivyo kabla ya maiki ya nje, kuna jambo lisilouzwa. Sogea. Umbali kati ya mdomo na maiki ukiongezeka mara mbili, sauti inayokufikia moja kwa moja hushuka kwa desibeli 6. Feni haishuki, kwa sababu haikusogea. Shibiri mbili mpaka tatu kutoka mdomoni kwa Bibi, juu ya kanga iliyokunjwa na si juu ya meza ya mbao, ni bora kuliko kinasa sauti cha bei mara tatu kilichowekwa kwenye kabati la sahani upande wa pili wa chumba. Feni izimwe ikiwezekana. Redio ya jirani hutaiweza. Na mvua ikianza juu ya bati, funga, kunyweni chai. Hakuna kichujio cha bati.

Hela iliyobaki tumeigawa hivi: kadi moja ya GB 32 kutoka duka lenye risiti, pakiti ya betri za alkali, na hedfoni za waya zenye sauti ya kawaida, zisizosifiwa kwa besi, kwa sababu besi ya kupachikwa hufunika maneno. Muuzaji alimpendekezea na kava la ngozi lenye kifungo cha sumaku. Nilimwambia aliache. Linasuguana na maiki, na linafunika kitufe chekundu.